Saa ya Mpima Mvua

Ikifika saa tatu kasoro dakika tano asubuhi, hakuna mazungumzo yaliyoweza kumzuia. Ungekuwa umemletea habari ya msiba, au ya ng'ombe aliyepotea, au mmekaa tu mnakunywa uji, yeye angenyanyua kiganja taratibu, aseme, "Ngoja kidogo," kisha atoke uani. Huko, mbali na miti na mbali na ukuta, kulikuwa na kopo la chuma lenye mdomo wa duara, limezungushiwa senyenge ili mbuzi wasilinywee. Angepiga magoti mbele yake, amimine kilichokuwemo kwenye glasi nyembamba yenye mistari, ainue glasi hadi usawa wa jicho, na kuhesabu kwa Kinyaturu chini ya pumzi. Kisha angeandika.

Mtaani kwake Unyambwa wote walimwita Mpima Mvua. Alikuwa na jina, bila shaka, na kwenye barua za mwanawe lilikuwa limeandikwa. Lakini sikuwahi kumsikia mtu akilitumia.

Alinifundisha kusoma glasi ile, nami nitakufundisha, kwa sababu si vigumu. Maji hayakai sawa ndani ya glasi. Pembeni hupanda kidogo, yakishika ukuta, na katikati hubonyea. Mtu asiyejua husoma pale pembeni, akaongeza mvua ambayo haikunyesha. Wewe soma pale chini, katikati. Na usisome ukiwa umesimama, maana ukitazama kutoka juu mstari unakudanganya.

"Mvua haisomwi kwa kusimama," alikuwa akisema. "Lazima uiinamie."

Siku nyingi hapakuwa na cha kusoma. Anayeijua Singida anajua kwamba tangu Mei hadi Novemba kopo lile lilikuwa likipata vumbi na panzi. Hata hivyo alitoka, akapiga magoti, akamimina hewa kwenye glasi, akaitazama kwa makini yale yale, akaandika sifuri. Mara ya kwanza nilipomwona akifanya hivyo nilicheka. Nikamwambia, "Mzee, kwa nini usiache tu pasipo kuandika? Si inaeleweka kwamba ni kiangazi?"

Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi mzuri aliyekosea jambo dogo.

"Sifuri na pengo si ndugu, mwanangu. Sifuri maana yake mtu alikuwepo, akaangalia, hapakuwa na mvua. Pengo maana yake hapakuwa na mtu."

Aliajiriwa kazi hiyo na kituo cha kilimo kilichokuwa kando ya Unyambwa, na nyumba aliyokaa ilikuwa ya kituo. Ndiyo sababu ilikuwa na umeme wakati majirani zake walikuwa na vibatari. Kila mwisho wa mwezi alijaza fomu na kuituma. Kisha ikaja ile miaka ya soko huria. Redio ikawa inataja mashirika yanayouzwa kama vile inavyotaja matokeo ya mpira, na siku moja kituo nacho kikafungwa. Viti viliuzwa, trekta likauzwa, hata milango. Kopo la mvua halikupata mnunuzi. Akabaki nalo, akabaki na nyumba ambayo hakuna aliyekumbuka kumdai, na akaendelea kujaza fomu na kuzituma mpaka zilipomwishia, akahamia kwenye daftari. Niliwahi kumuuliza kama huko zilikokwenda kuna aliyejibu.

"Hata zamani hawakujibu," alisema. "Lakini zamani nilijua kwamba wanasoma."

Ilisemwa mtaani kwamba ni mtu mkavu. Jirani yake, mama mmoja muuza karanga mwenye ulimi mrefu, alikuwa akimpigia kelele kupitia ua: "Mzee, leo tumepata ngapi, au umeimeza yote peke yako?" Naye angejibu bila kutabasamu, "Kumi na mbili na nusu." Mama karanga angecheka mpaka ashike kiuno. "Nusu! Hiyo nusu ndiyo iliyoninyeshea mimi."

Lakini mwaka mmoja mvua ilichelewa, uwele ukakauka ukiwa na urefu wa kiganja, na utani ukapungua. Wazee watatu walikuja kwake pamoja na huyo mama. Shikamoo na marahaba zikaenda na kurudi, wakapewa viti, wakazungumza habari za ng'ombe, na mwishowe mmoja akasema, "Hatukulaumu. Ila hicho kikopo chako kinapokea mvua kabla ya sisi. Kifunike japo wiki moja, tuone."

Mama karanga akaongeza, "Au kigeuze kinywa chini, kiombe radhi."

Alikataa kukifunika. Aliwaeleza habari ya pengo, wala hawakumwelewa. Lakini aliwaahidi jambo jingine: maji yoyote atakayopima, akimaliza kuyasoma, atayarudisha. Tangu siku hiyo, kila mvua iliponyesha, alibeba glasi yake, akazunguka ua hadi kwenye bustani ya mchicha ya mama karanga, akayamimina pale, kijiko kimoja au vikombe viwili, kwa heshima kama anayelipa mahari. Hakuamini hata kidogo kwamba yalikuwa na faida. Alifanya hivyo miaka yote niliyomjua. Mtu mkavu hafanyi hivyo.

Na bado kuna lile la mazishi ya mkewe. Sikuwepo, nililisikia kwa wengi, na wote walilisimulia kwa sauti ile ile ya chini. Asubuhi ya mazishi, uani pamejaa watu, saa tatu kasoro dakika tano aliinuka kutoka mkekani alikokaa na wafiwa, akaenda kupiga magoti penye kopo. Shemeji yake alimfuata, akamwambia mbele ya watu, "Dada yangu yumo ndani, wewe unapima nini?" Aliandika, akarudi mkekani, akakaa. Upande wa mkewe hawakukanyaga tena nyumba ile.

Baadaye aliponiruhusu kusoma nakala za fomu zake, niliitafuta siku hiyo. Niliipata. Milimita tatu. Katika nafasi ya maoni ameandika kwa mkono ulionyooka: Mawingu. Upepo kutoka mashariki.

"Mzee," nilimwuliza, "hukuandika chochote kuhusu Mama."

"Fomu haikuwa na safu ya jambo hilo," akasema.

Mimi nilimjua kupitia kompyuta. Nilikuwa nafundisha taipu na kompyuta katika chumba cha kupanga karibu na soko, Singida mjini: mashine za taipu sita, kompyuta mbili, na feni moja iliyokuwa ya kompyuta, si ya watu. Wanafunzi wangu walikuwa wasichana waliomaliza shule na makarani waliopunguzwa kazi. Asubuhi moja akaingia mzee mwenye baiskeli, suruali ameibana kwa pini ya nguo, akasema mwanawe wa Dar es Salaam amemletea kompyuta kwa basi, nayo imekaa mezani siku nane inamtazama.

"Unataka kujifunza nini, Mzee?"

"Safu," alisema. "Nijue kupanga safu."

Sijapata mwanafunzi kama yeye. Alibonyeza kila kitufe kama anayegonga mlango wa mkubwa. Hakusumbuka hata kidogo kuona kioo kinaandika tisa wakati sisi tunasema saa tatu. Fomu za kazini zilishamzoesha. Nilipomwonyesha kwamba katika programu ya kuandikia kuna kitufe ukikigusa kompyuta yenyewe inachapa tarehe na saa ya wakati ule, alivua miwani.

"Yenyewe?"

"Yenyewe."

"Bila mimi kuiambia leo ni lini?"

"Ina saa ndani, Mzee. Inahesabu hata ukiwa umelala."

Mtu huyu ambaye hakumwamini mtu yeyote kusoma glasi yake hata siku aliyougua homa, aliliamini kasha lile kwa moyo wote. Nadhani alifurahi kwamba kuna mwenzake ndani ya nyumba anayehesabu. Akaacha daftari. Kila asubuhi akawa anapima, anawasha, anagusa kitufe, tarehe inajichapa, anaandika milimita.

Haukupita mwezi akaja darasani na baiskeli yake. "Mwalimu, ile saa inapoteza."

"Inapoteza dakika ngapi?"

"Inapoteza miaka."

Kama una kompyuta nyumbani na saa yake inarudi nyuma, usiogope na usikimbilie kuiuza. Sikiliza kwanza, kama nilivyomweleza siku ile. Ndani ya kompyuta kuna saa ndogo ambayo hailali. Umeme ukiwepo, inakula umeme. Ukiizima kompyuta na kuchomoa waya, kama yeye alivyofanya kila jioni kwa kuogopa radi, saa ile inaishi kwa betri moja ndogo, bapa, kama kifungo cha koti. Betri ikichoka, saa inasahau. Na kompyuta iliyosahau haisemi kwamba haijui. Inaanza upya kuhesabu kutoka siku ya kwanza ya Januari, mwaka wa zamani sana, kama mtu aliyeamka hospitalini akadai bado ni kijana.

"Kwa hiyo inajaza uongo," alisema.

"Haijui kwamba ni uongo."

"Pengo lingekuwa afadhali."

Niliagiza betri Dar es Salaam. Ililetwa na konda wa basi ndani ya bahasha. Nilienda Unyambwa na bisibisi, nikafungua kasha mbele yake, nikamwonyesha. Betri ya zamani ilikuwa imechoka, kompyuta yenyewe ilikuwa mtumba. Nikaweka mpya, nikarekebisha saa kwa milio ya redio kabla ya taarifa ya habari. Na nikasema maneno ambayo nilidhani ni ya kumsaidia: "Huu ndio moyo wa saa, Mzee. Huu usichoke tu, basi, mengine yote yatakwenda."

Aliutazama moyo ule mdogo kwa huruma. Nami sikuijali huruma hiyo.

Zikapita wiki tisa sijaenda. Siku niliyopita kumsalimu, Jumapili alasiri, alinifungulia kompyuta kwa fahari anionyeshe mvua za msimu. Nilisoma, nikarudi juu, nikasoma tena. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia na tarehe zilikuwa za maandishi madogo. Yeye alikuwa akiziangalia milimita zake tu. Baada ya wiki ya kwanza, juma lilikuwa moja tu. Januari mosi, mbili, tatu, hadi saba, mwaka ule wa zamani. Halafu tena mosi, mbili, tatu, hadi saba. Mara nane. Kwa wiki zile zote aliishi peke yake katika juma lile lile, na mvua ya msimu mzima ilikuwa imemwagwa humo.

Nilimweleza taratibu. Alikaa kitandani. Kisha akasema jambo lililonifanya nitazame pembeni: "Miaka yote hiyo sijakosea siku. Hata mazishi ya mke wangu niliwaachia watu, nisikosee siku."

Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya Jumapili zetu. Daftari hakuwa nalo tena, lakini mistari ilikuwa kwa mpangilio. Tulichokosa ni vigingi vya kuifungia. Tukatafuta. Tulimwita mama karanga, akaketi mlangoni akichambua karanga zake, tukamsomea milimita.

"Arobaini na moja," alisoma Mpima Mvua.

"Hiyo ni ile iliyobomoa choo changu."

"Siku gani?"

"Siku choo changu kilipobomoka!"

"Mama, tarehe."

"Mimi nina tarehe? Ilikuwa mnada. Nilirudi na karanga zimelowa, wewe ukaja kunimwagia kikombe kingine bustanini. Nilitaka kukupiga mwiko."

Mnada ulikuwa na tarehe yake. Tukafunga kigingi. Kingine kilikuwa ubatizo wa mtoto wa jirani, kingine siku umeme ulipokatika toka asubuhi na mstari mmoja ukarukwa. Polepole juma lile moja likakunjuka likawa miezi. Nilikuwa nikifika saa nane, naye alikuwa ameshachemsha chai, vikombe viwili vimefunikwa na visahani. Sikumbuki kumwona akicheka sana, ila Jumapili moja alipigwa utani na mama karanga kwamba sasa ana mke wa kompyuta, akacheka mpaka miwani ikaanguka.

Lakini saa yenyewe iliendelea kupotea, nami sikujua kwa nini. Nilimfundisha namna ya kuipeleleza, na njia hii inafaa kwako pia: kabla ya kuzima, andika kwenye karatasi saa ya kompyuta na saa ya redio. Ukiwasha, andika tena zote mbili. Kama inapotea ikiwa imewashwa, ugonjwa ni mwingine. Kama inapotea ikiwa imezimwa, ni betri au mahali betri inaposhika. Alitengeneza jedwali zuri kuliko langu. Jedwali likasema: inapotea ikiwa imezimwa. Likasema na jambo jingine la ajabu: inapotea Jumapili asubuhi tu. Siku sita inakwenda kama askari. Jumapili, Januari mosi.

Nilibadilisha betri nyingine. Nilisafisha vishikio kwa kifutio cha penseli. Nilimwuliza kama kuna mtu anaifungua, akasema hakuna. Nilifikiri umeme wa Jumamosi, nilifikiri panya, na nilianza kufikiri kwamba ubao wa ndani umekufa na sijui nimwambieje.

Jumamosi moja umeme ulikatika mjini, nikafunga darasa mapema, nikaenda Unyambwa bila taarifa. Ilikuwa saa saba, jua la utosi. Uani, juu ya kipande cha bati, betri nne kubwa za redio zilikuwa zimepangwa zikiota jua, kama tulivyofanya sote nyumbani kwetu ili zipate nguvu za siku mbili tatu zaidi. Na mwisho wa mstari, ikimetameta, ilikuwa betri ndogo bapa kama kifungo cha koti.

Alitoka ndani akifuta mikono. "Karibu, Mwalimu! Leo umekuja siku ya kuanika."

"Shikamoo, Mzee. Na hii?"

"Marahaba. Huyo mdogo naye ana haki ya jua. Si ulisema asichoke?"

Alikuwa amejifunza kulifungua kasha kwa kuniangalia. Hakunidanganya aliposema hakuna anayelifungua. Kwake kuanika betri kulikuwa kazi ya Jumamosi, kama kufua, hata hakuihesabu. Kila Jumamosi aliutoa moyo nje, akaupasha jua kwa upendo, akaurudisha jioni. Na kila Jumamosi saa ilikufa ikazaliwa upya.

Nilicheka, Mungu anisamehe, nikacheka mpaka nikakaa chini kwenye vumbi. Kisha nikamweleza kwamba betri ya aina hii haiongezwi nguvu na jua, na hata ingekuwa inaongezwa, ikitolewa tu saa inasahau.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Ni maneno yangu, Mzee. Sikuyamaliza."

"Ni mimi," alirudia. Aliichukua kutoka kwenye bati, ikiwa ya moto, akaishika kiganjani. "Sasa nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Iache."

"Niiache tu?"

"Iache kabisa. Itakaa miaka mitano, labda zaidi. Huna haja ya kuhangaika tena."

"Mitano," alisema. "Mingi."

Nilidhani anashukuru.

Tulimaliza kuzipanga mvua Jumapili iliyofuata. Saa haikupotea. Jumapili ya pili nilikuwa na harusi, ya tatu nilichoka, na baada ya hapo sikuwa na sababu. Ndivyo tulivyo sisi mafundi na walimu: kitu kikikaa sawa tunaondoka, na tunaondoka tumejisifu. Nikaolewa, nikahamia Iguguno ambako mume wangu alikuwa na mashine ya kukamua alizeti. Mjini nilikuwa nikija mara nyingi, kwa madebe na vipuri. Unyambwa sikupita. Nilijiambia yule mzee anaendelea vizuri, maana kama kungekuwa na tatizo angeita.

Aliita mwaka wa sita. Konda wa basi alisimama mbele ya mashine yetu, akaning'inia mlangoni, akapiga kelele kushinda ngurumo: "Wewe ndiye Mwalimu wa kompyuta? Kuna mzee wa Unyambwa anasema saa imeanza kupoteza!"

Nilienda siku ya pili na betri mpya mfukoni, gari la kwanza. Nilifika saa tatu kasoro dakika kumi. Ua wa mama karanga ulikuwa umefungwa kwa mnyororo. Alishahamia kwa bintiye, nilikuja kuambiwa. Mpima Mvua alikuwa amekaa kizingitini ameelekeza uso barabarani. Nilisimama hatua tatu mbele yake kabla hajanitambua, na alinitambua kwa sauti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mwalimu." Akatafuta mkono wangu hewani. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe. "Umekuja wakati mzuri. Dakika ngapi zimebaki?"

"Tano."

Tulitoka uani pamoja. Alipiga magoti kwa kushikilia bega langu, akamimina, akanipa glasi. "Nisomee. Siku hizi nasoma kwa kidole, si vizuri."

Nilipiga magoti, nikaiinua usawa wa jicho. Ilikuwa Agosti. "Sifuri, Mzee."

"Umeangalia vizuri?"

"Nimeangalia."

"Haya. Tukaandike."

Kompyuta ilikuwa pale pale, imegeuka njano kama jino la zamani. Kando yake kulikuwa na daftari nene. Tangu ile aibu alikuwa akiandika kote kuwili. Kompyuta ilisema ni Januari mosi. Safari hii betri ilikuwa imekufa kifo chake yenyewe, kwa uzee. Nikafungua daftari nimwandikie. Tarehe, milimita, maoni. Halafu nikaona safu ya nne, aliyoichora mwenyewe kwa rula, ambayo haikuwepo enzi zetu.

Ilikuwa na sifuri. Nilifunua kurasa nyuma. Sifuri kila siku, mwezi baada ya mwezi, tarakimu zikizidi kuwa kubwa kadiri macho yalivyozidi kufifia. Hapa na pale palikuwa na moja.

"Hii moja ya Machi ni nini, Mzee?"

"Machi? Huyo msoma mita ya umeme. Mtu mzuri. Naye anapima."

"Na hii?"

"Mwanangu kutoka Dar es Salaam. Alilala usiku mmoja."

Nilirudi nyuma zaidi, hadi safu ilipoanzia. Ilianzia Jumapili ile niliyokwenda harusini. Sifuri ya kwanza imeandikwa kwa uangalifu mkubwa, duara kamili. Hapakuwa na pengo hata moja, miaka yote ile. Kila siku alikuwa ameangalia.

Yeye alikuwa amesimama nyuma yangu akingoja, kama alivyokuwa akingoja darasani nimsahihishie safu.

"Umeandika mvua?"

"Nimeandika sifuri."

"Na hiyo nyingine ujaze mwenyewe. Mimi siioni."

Nikaandika moja.

Kisha nikafanya kazi niliyojia. Bisibisi, kasha, betri. Niliirekebisha saa kwa milio ya redio, yeye akihesabu milio kwa kidole mezani. Nilipofunga skrubu ya mwisho akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, akiwa amegeukia dirisha: "Na hii itakaa muda gani?"

Ninapenda kueleza vitu kama vilivyo. Sijawahi kumdanganya mwanafunzi kuhusu mashine, na betri ile niliijua: ilikuwa mpya, nzuri, ya miaka mitano au sita.

"Hizi za siku hizi si za kuaminika, Mzee," nikasema. "Zinataka kuangaliwa kila mwezi. Jumamosi ya kwanza nitakuwa nakuja kuipima."

Redio ilikuwa ikisoma habari za bei ya pamba.

"Mwalimu," alisema, "usidanganye kipimo."

Nilianza kurudisha bisibisi mfukoni. Akapapasa meza, akalipata daftari, akalifunga, akaweka kiganja juu yake.

"Jumamosi ya kwanza, saa ngapi?"

"Saa tatu, Mzee."

"Fika dakika tano kabla," alisema. "Glasi haimngoji mtu."